Kwa nini simu yako haina injini: hesabu ya kibiriti cha gesi na kikombe cha kahawa

Juzi stima ilipotea huku Mwembe Tayari, Mombasa, kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi inaingia, na fundi wa simu bila stima ni mtu wa kukaa tu kwa benchi anapiga stori. Jirani yangu muuza vitambaa akatoa jenereta yake ile ndogo ya tustroki, ile ya kuvuta kamba mara saba ndo ikubali, na ndani ya dakika kumi watu walishajaa na chaja mkononi, shilingi 20 kwa simu. Moshi ukatuingia sote. Sasa kuna kijana mmoja wa bodaboda, alikua anazungusha kibiriti cha gesi kwa vidole huku anangoja zamu yake, akaniuliza: "Fundi, hivi kwa nini hawajatengeneza jenereta kadogo kama hiki kibiriti, unaitia petroli kijiko kimoja, unaiweka mfukoni, simu inakaa wiki nzima na chaji?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka kwa sababu swali ni zuri kuliko alivodhani, kuna maprofesa wa vyuo vikubwa kabisa duniani waliliuliza hivohivo miaka ya tisini na wakapewa hela za jeshi la Marekani kulijibu. Nikamwambia kaa, na kwa vile stima haikurudi haraka tulikaa sana, na yale tuliyoyaongea ndo nayaandika hapa, na mengine ambayo sikuyakumbuka siku ile.

Kwanza tuone kwa nini wazo linavutia. Kila mtu wa hapa anajua yuniti ya tokeni, yuniti moja ni wati-saa 1,000. Betri ya simu ya kawaida ya siku hizi, ile imeandikwa 5,000 mAh, ndani yake mna wati-saa kama 19 tu. Yaani yuniti moja ya tokeni ingejaza betri hamsini hivi kama hakuna kinachopotea njiani. Sasa chukua petroli. Kilo moja ya petroli imebeba kama wati-saa 12,000, yuniti 12 za tokeni. Kilo moja ya betri ya lithiamu, hata ile nzuri, ni kama wati-saa 250, robo ya yuniti. Gawanya mwenyewe: mafuta yamebeba karibu mara 50 ya betri kwa uzito uleule.

Kile kibiriti cha yule kijana, kikiwa kipya kina gesi ya butani kama gramu 5. Hizo gramu 5 ni wati-saa kama 63. Betri yake ya simu ni 19. Yaani mkononi alikua amebeba moto wa kujaza simu yake mara tatu, kwa kitu cha shilingi chache, na anakichezea tu. Kijiko cha chai cha petroli nacho ni wati-saa kama 45. Ukiangalia hesabu hizi peke yake utasema hawa watengenezaji wa simu ni wajinga au kuna njama (na alikuwepo mzee mmoja pale ambaye aliamini ni njama, na sidhani nilimbadilisha).

Lakini moto si stima. Kutoka kwa moto kwenda kwa stima kuna mtu wa katikati anaekula kamisheni, na huyo ndo injini, na tabia ya injini ni kwamba ikiwa kubwa inakula kidogo na ikiwa ndogo inakula karibu yote.

Hapo nikamkumbuka ami yangu. Ami alifanya kazi melini miaka mingi, oila, yaani mtu wa kutia mashine oili, wa chumba cha injini, na nilipokua mdogo nilimwambia nataka kutengeneza injini ndogo niitie kwa baiskeli, akaniambia "Mwanangu, injini ndogo yala yote kwa ukuta." Sikuelewa. Nilidhani anasema kuhusu kuigonga kwa ukuta. Miaka mingi baadae ndo nimeelewa ukuta ni upi, ni ukuta wa silinda.

Tuanze na hizo za kina ami. Injini kubwa kabisa za meli za kontena, mfano ile ya Emma Mærsk iliyoingia baharini 2006, ina silinda 14, na kila silinda mdomo wake ni sentimita 96, mtu anaingia ndani akiwa amesimama, na pistoni inatembea mita mbili na nusu kwenda juu na chini. Inazunguka mara 102 tu kwa dakika. Taratibu kama mtu anatwanga. Nguvu yake ni kilowati 80,000, na katika kila yuniti mbili za mafuta inayochoma, yuniti moja hivi inageuka kuwa kazi ya kusukuma meli. Nusu kwa nusu. Magari ya kawaida hayafiki hapo, gari la petroli linakupa robo, likijitahidi theluthi, na yale bora kabisa ya siku hizi kama asilimia 40.

Shuka chini. Jenereta nzuri ya inverta ya wati 900, zile za kubeba kwa mkono mmoja, injini ya sisi (cc) 50, kilo 13, inabeba petroli lita mbili na kidogo na ukiibebesha mzigo wote inaisha chini ya masaa manne. Piga hesabu utapata inageuza kama asilimia 18 tu ya mafuta kuwa stima. Hiyo ni ya bei ghali. Ile ya jirani yangu ya tustroki iko chini ya hapo, na sisi tulikua tumeitundikia simu kumi na nne ambazo hazifiki hata robo ya nguvu yake, kwa hivo sehemu kubwa ya petroli ilikua inachomwa ili injini ijizungushe yenyewe na kutupa kelele.

Shuka tena. Kuna injini za ndege za kuchezea, Wamarekani wa Cox walikua wanauza moja ndogo ajabu, mdomo wa silinda milimita 6, ujazo wake sisi 0.16. Inaenea kwa ncha ya kidole. Inazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, inakunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika na naitromethani, na inafanya kazi vizuri tu, inapaa. Lakini injini za ukubwa huo hutoa kazi asilimia 5 au chini yake. Asilimia 95 imeenda wapi? Joto, na mafuta ambayo hayakuungua yakapita moja kwa moja yakatoka kwa ekzosi.

Sasa rudi kwa ile mara 50 uweke asilimia. Mafuta yako ni wati-saa 12,000 kwa kilo, injini ikikupa asilimia 2 unabaki na 240. Mia mbili na arubaini! Ni kilekile cha betri. Yaani injini ikishuka mpaka asilimia 2 umetoa jasho bure, ile faida yote ya mafuta imeliwa, na bado hujahesabu uzito wa injini yenyewe, na kijenereta chake, na tanki, na kizimia sauti. Kwa hivo mchezo wote uko kati ya asilimia 2 na labda 15, ukiweza kuishikilia injini ndogo pale juu umeshinda betri, ikiteleza umeshindwa. Na kila kitu duniani kinaivuta iteleze. Ntaeleza vitatu, ingawa cha kwanza ndo kikubwa na ndo ntakikalia.

Ukuta wa ami.

Nenda baraza lolote la kahawa Mji wa Kale. Muuza kahawa ana dele yake juu ya makaa na vile vikombe vidogo. Kahawa ndani ya dele inakaa moto, hata ukiitoa kwa makaa itakaa muda. Ukimiminiwa kwa kile kikombe, ongea kidogo tu na mwenzio, ishapoa. Kahawa ni ileile, moto uleule. Tofauti ni kwamba ile ya kikombe kila tone lake liko karibu na ukuta, ile ya dele matone mengi yako katikati yanalindwa na wenzao. Ukikipunguza kitu upana, urefu na kimo vyote kwa nusu, kinachoingia ndani kinapungua mara nane lakini ngozi yake inapungua mara nne tu. Kwa hivo kila ukipunguza, ngozi inazidi kua kubwa kulinganisha na nyama.

Silinda ya sentimita 96 dhidi ya silinda ya milimita 6, kila tone la mafuta kwenye ile ndogo limezungukwa na ukuta kama mara 160 zaidi. Na ukuta ni chuma, na chuma kinakunywa joto. Gesi iliyoungua inatakiwa iwe na joto ili isukume pistoni, joto ndo mshahara wenyewe, sasa kabla haijasukuma chochote ukuta umeshauchukua. Ndo maana ya yala yote kwa ukuta.

Na kuna jambo baya zaidi ya kupoa, moto wenyewe unakufa. Mwaka 1815 Humphry Davy wa Uingereza aligundua kitu hiki akitafuta taa ya wachimba makaa ya mawe, maana ndani ya migodi kuna gesi na taa ya moto wazi inalipua watu. Aliuzunguushia mwali wa taa wavu wa chuma wenye matundu madogo, na mwali ukakataa kupita kwenye matundu, sababu chuma kinaunyonya joto unapojaribu kupenya mpaka unashindwa kujiendeleza. Watu wakaokoka kwa sababu moto hauwezi kupita tundu dogo. Lakini kwa anaetaka injini ndogo hiyo ni habari mbaya, sababu tundu dogo ndo chumba chake cha kuchomea! Kwa propani na hewa, mwali wa kawaida unakufa kwenye nafasi ya milimita 2 hivi kati ya kuta mbili. Haidrojeni ni mkaidi, inapenya mpaka kama nusu milimita. Kwa hivo mtu akikwambia atakutengenezea injini ya petroli ya ukubwa wa punje ya mchele muulize atauzuia vipi moto usizimike.

Kuna ujanja, tena mzuri. Miaka ya sabini Felix Weinberg wa Imperial College, London, na wenzake walisema: badala ya kuiachia moshi itoke na joto lake, ipitishe kando ya hewa inayoingia, ili moshi uipashe hewa kabla haijafika kwa moto. Namna ya kupata hiyo kando ndefu kwa nafasi ndogo ni kuviringa njia mbili kwa pamoja, ile ya kuingia na ile ya kutoka, zinazunguka mpaka katikati. Ukitaka kuiona nenda jikoni usiku wa Ramadhani mtu akitengeneza chapati, ule unga uliopakwa mafuta ukaviringwa kama konokono kabla ya kusukumwa, ndo ramani yenyewe. Moto unakaa katikati ya konokono, na kila joto linalotaka kutoroka linakutana na hewa baridi inayoingia, linarudishwa ndani. Na ukipaka platinamu kwenye kuta, mafuta yanaungua pale kwa ukuta bila hata mwali, kwa joto la chini zaidi. Kwa njia hizi moto unaweza kuishi kwenye sehemu ambayo Davy angesema hauwezi. Lakini kuuweka moto hai ni kazi moja, kutoa stima ndani yake ni nyingine.

Cha pili ni kuvuja. Pistoni haiwezi kubana silinda kabisa, lazima kuwe na uwazi kidogo ndo isogee. Fundi akiwa hodari aache uwazi wa maikroni 10, yaani kama sehemu moja ya saba ya unene wa unywele. Kwa silinda ya sentimita 96 uwazi huo si kitu. Kwa ya milimita 6 ni sehemu moja ya 600 ya upana wake, ni mlango. Gesi inapita pembeni. Na huwezi kuweka ringi za pistoni kwenye kitu kidogo hivo, msuguano wake peke yake utaisimamisha injini.

Cha tatu ni muda, na hiki ni kifupi. Injini ndogo lazima izunguke kasi ndo itoe nguvu ya maana. Mara 20,000 kwa dakika maana yake mzunguko mmoja unaisha kwa sehemu tatu za elfu za sekunde, na nusu ya hapo ndo nafasi ya mafuta kuungua na kusukuma. Petroli haijakataa kuungua, imeambiwa toka nje kabla haijamaliza. Zile za meli zina zaidi ya nusu sekunde kwa mzunguko, zinaungua kwa raha zao.

Sasa hao wa Marekani niliowataja. Kule chuo cha MIT, maabara ya turbaini za gesi (turbaini ni gurudumu la mabawa linalozungushwa na gesi), profesa Alan Epstein na timu yake kuanzia katikati ya miaka ya tisini waliamua kuacha pistoni kabisa. Wakasema tutengeneze injini ya jeti, kama ya ndege inayotua Moi International, lakini ndogo kama kishikizo cha shati, na tutaichonga kwa silikoni vilevile wanavyochonga chipu za kompyuta. Ukiitazama michoro yake ni tabaka sita za silikoni zimegandishwa juu ya zingine, upana sentimita 2 hivi, unene chini ya milimita 4, na katikati kuna kigurudumu cha milimita 8 hivi kinachotakiwa kizunguke mara 1,200,000 kwa dakika. Soma tena. Milioni moja na laki mbili. Ukingo wa kile kigurudumu unakimbia mita 500 kwa sekunde, sauti yenyewe ni 340. Beringi za kawaida hazingeweza, kwa hivo kigurudumu kinaelea juu ya hewa, hakigusi kitu. Lengo lilikua wati kumi mpaka hamsini kwa kitu cha ukubwa huo, na sababu ya jeshi kutoa hela ni askari, maana askari wa siku hizi amebeba redio na darubini za usiku na mabetri mpaka mgongo unamuuma.

Mimi naona ile ni kazi nzuri kupita kiasi, sijui kama naweza kuieleza ninavoihisi. Mtu anaeshika bunduki ya solda kila siku na kuhangaika na waya za nusu milimita anajua ni nini kuchonga bawa la turbaini ndani ya silikoni na likae sawa kwa maikroni. Na vipande vilifanya kazi: chumba cha moto kiliwaka, kwa haidrojeni, joto likapita nyuzi 1,300, vigurudumu vikazunguka kwa kasi ya ajabu juu ya hewa.

Lakini ule ukuta ukawangoja. Kwenye jeti kuna upande wa mbele unaokandamiza hewa, unataka baridi, na upande wa nyuma wa turbaini, wa moto. Kwenye ndege kati yao kuna mita. Kwenye chipu ni milimita chache za silikoni, na silikoni inapitisha joto vizuri sana, kwa hivo moto unarudi mbele unaipasha ile hewa kabla haijakandamizwa na hewa ya moto ni ngumu kukandamiza. Ni kama kuuza barafu umeketi juu ya jiko. Tena silikoni yenyewe ikipita nyuzi 600 hivi inaanza kulegea, na wewe unaizungusha mara milioni. Mpaka leo hakuna simu wala laptopu dukani yenye injini hiyo.

Chuo cha Berkeley, California, nao walijaribu njia nyingine, ile injini ya Wankel isiyo na pistoni, ina rota ya pembe tatu inayozunguka ndani ya chumba, wakiongozwa na Carlos Fernandez-Pello na Albert Pisano. Wazo ni kwamba umbo lake ni bapa, linachongeka kirahisi. Lakini hata kwa gari, tatizo la Wankel tangu zamani ni zile pembe tatu kuvuja, na nishasema kuvuja kunafanya nini kitu kikiwa kidogo. Zile kubwa kubwa zao za sentimita zilitoa wati chache, zile ndogo kabisa zilibaki maabara.

Yule kijana akaniuliza, haya basi, tuseme mtu amefaulu, asilimia 10, si nzuri hiyo? Ni nzuri sana. Tukapiga hesabu kwa kikokotoo cha simu yake iliyobaki asilimia 4 (akawa ananiharakisha). Betri ya wati-saa 19 kwa injini ya asilimia 10 inataka mafuta ya wati-saa 190, hiyo ni gramu 16 za petroli, vijiko vinne vya chai kwa chaji moja. Sio kijiko kimoja kwa wiki. Petroli ikiwa shilingi 180 lita, chaji moja ni karibu shilingi 4. Kwa tokeni, hata ukihesabu yuniti shilingi 30 na chaja ikapoteza kidogo, haifiki shilingi moja.

Halafu joto. Simu inachaji wati 5, pole pole kabisa, injini ya asilimia 10 inachoma wati 50. Hizo 45 zingine zinaenda wapi? Zinakaa na wewe. Wenye umri wangu wanakumbuka balbu za zamani za wati 40, jaribu kuikumbuka ile moto wake ukiigusa ikiwa inawaka, sasa iweke kwa mfuko wa suruali. Na ekzosi nayo inatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu wanaolala na jiko la makaa limefungiwa ndani. Mtu achaji simu usiku chini ya mto? Na uwanja wa ndege watakuuliza hiyo ni nini, pawabenki wanakubali mpaka wati-saa 100, chombo cha petroli hawakubali hata tone.

Kuna watu walikwepa injini kabisa, na hawa nawaheshimu. Mwaka 1821 Thomas Seebeck, Mjerumani, aliona kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti na upande mmoja ukawa moto mwingine baridi, sindano ya dira iliyo karibu inasogea, na baadae wenzake ndo wakaelewa ni umeme unapita. Hakuna kinachozunguka. Miaka ya hamsini Wasovieti walitengeneza kitu kinachovalishwa juu ya taa ya mafuta ya taa, ile ya chemni kama tuliyosomea sote, kina mapezi ya bati pembeni ya kupooza, na moto uleule unaowasha nyumba unaendesha redio. Kijijini hakuna stima lakini taarifa ya habari inasikika! Na 2012 kampuni ya BioLite ya Marekani ikaleta jiko la kuni la kambini linalochaji simu kwa mtindo huo, wati 2 tu. Asilimia ni ndogo, tano ni nyingi, lakini hapo haujali sababu moto ulikua unauwasha hata hivo, chai inachemka na simu inapata kitu.

Wengine wakaenda kwa fueli seli, ambayo inageuza mafuta kuwa stima kwa kemia bila kuyachoma kwa mwali, kwa hivo ule ukuta haina shida nao sana. Toshiba waliuza chaja ya methanoli ikiitwa Dynario mwaka 2009, Japani pekee, elfu tatu tu, na ikaishia hapo. Mimi naona haikushindwa na fizikia. Ilishindwa na vijiduka vya kununulia methanoli ambavyo havikuwepo, na soketi za ukutani ambazo ziko kila mahali.

Na wakati hawa wote wanahangaika, betri haikukaa kungoja. Sony walipoanza kuuza ya lithiamu 1991 kilo moja ilikua inabeba chini ya wati-saa 100, sahii ni zaidi ya mara mbili. Mpaka zile ndege za kuchezea, ambapo injini ndogo zilikua mabingwa miaka na miaka, watu wengi wameshahamia mota na betri kwa sababu hawataki kupaka mikono mafuta ya mbarika kila Jumapili. Injini ndogo sahii inajificha kwenye droni kubwa zinazotakiwa kukaa angani masaa mengi, huko uzito ndo kila kitu, hakuna mfuko wa kuungua na kelele haimsumbui mtu, na hata hizo si za ukubwa wa kibiriti, ni za sisi kadhaa au kadhaa wa kadhaa, kwa sababu waliozitengeneza wanaijua ile hesabu ya ukuta.

Kijana akakiangalia kibiriti chake. "Kwa hivo moto mwingi umo humu, ila hautoki?"

Unatoka, nikamwambia, ila unatoka kama joto. Kisha zamu yake ikafika, akachomeka chaja kwa ekstensheni ya jirani, na jenereta ikabadilisha sauti kidogo tu, kama haikusikia kitu.